Ndimu, Uji Mchachu na Vidonge: Chakula Chaweza Nini Dhidi ya Vijidudu vya Tumbo?

(Maneno yaliyosomwa na walimu mjini Kigali, mbele ya wajumbe wa kamati za wakimbizi, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)

  Wengine mmetoka Kiziba, wengine Mahama, wengine mmepanda basi kabla ya jogoo kuwika ili mfike hapa Kigali kwa wakati.

Kamati ilipotuandikia sisi walimu kwamba tuseme neno katika siku hii, barua ilitaja "elimu ya afya" tu. Tungeweza kuwaambia mnawe mikono, nanyi mngeitikia "ndiyo" kama kawaida na kusinzia kidogo. Lakini tumechagua jambo ambalo watu wanatuuliza wenyewe, kwenye bomba la maji, kwenye foleni, hata katikati ya harusi. Je, ni kweli kitunguu saumu kinaponya vidonda vya tumbo? Je, ndimu inaua kolera? Asali je? Na mubirizi? Wanatuuliza sisi, nafikiri mnajua sababu: kumwona mwalimu hakuna malipo.

Iko na sababu nyingine. Tangu mwaka 2014, pesa zilipoanza kuchukua mahali pa magunia ya mahindi kule Gihembe, kambi iliyofungwa mwaka 2021, wengi wetu tunanunua chakula chetu wenyewe sokoni. Hilo lilileta uhuru, nasi tulifurahi. Lakini mwenye pesa mkononi hupata pia wa kumfuata. Kila mwenye tumbo linalouma sasa ana muuzaji wake: chupa ya maji ya kijani, unga uliofungwa katika karatasi, "dawa ya asili isiyo na madhara, baba, kunywa siku saba utasahau." Bei ya chupa moja ni mboga za nyumba nzima kwa juma zima. Kwa hiyo tunapouliza kama chakula kinaua vijidudu, tunauliza pia habari ya pesa ya watoto wetu.

Tuanze na kolera, kwa maana eneo hili la Maziwa Makuu halihitaji kuelezwa kolera ni nini. Wengi wenu mlikuwa watu wazima mwaka 1994. Sisi tuliosimama hapa tulikuwa watoto wadogo au tulikuwa mgongoni, tuliyapata kwa kusimuliwa. Mwezi wa Julai mwaka ule, watu kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Goma kwa siku chache. Ardhi yenyewe ni mawe ya volkano. Choo hakichimbiki, na kaburi halichimbiki. Watu walichota maji ya Ziwa Kivu na kuyanywa kama yalivyo. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, na wengi wao waliuawa na kuhara: kwanza kolera, kisha macinya, yaani kuhara damu. Na kile kijidudu cha macinya kilikuwa kimekwisha kuzoea dawa za kawaida. Muganga alitoa vidonge, kijidudu kikaendelea na kazi yake. Neno hilo mlishike, tutalirudia.

Sasa, kijidudu cha kolera kina udhaifu mmoja: hakipendi uchachu. Wanakemia hupima uchachu kwa namba kutoka 0 hadi 14. Maji matupu ni 7. Namba ikishuka moja, uchachu umeongezeka mara kumi. Tumbo la mtu mzima mwenye afya liko chini sana, kati ya 1 na 3, na ndiyo maana kolera huhitaji kuingia kwa mamilioni ya vijidudu ili wachache wapite mlango ule wakiwa hai. Tumbo lenyewe ni askari. Hapa tuseme jambo ambalo wengi hawalijui: mtu anayetumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo, kama omeprazoli, au anayelamba soda ya kuokea mikate kila kiungulia kikimpanda, amempokonya askari huyo silaha. Wakati wa kolera mtu huyo yuko hatarini kuliko jirani yake. Hatusemi aache dawa aliyoandikiwa. Tunasema awe mkali zaidi juu ya maji yake.

Kama tumbo linaua kolera kwa uchachu, je, chakula kichachu kinaweza kufanya hivyo ndani ya sufuria? Swali hili lilichunguzwa Afrika Magharibi. Mwaka 1986, katika nchi ya Guinea, kolera ilizuka na wachunguzi wakauliza wagonjwa na wazima walikula nini. Walikuta kwamba mabaki ya mchuzi wa karanga, yaliyolala na kuliwa baadaye, yalihusika na ugonjwa, lakini mchuzi wa nyanya haukuhusika. Wakapima. Mchuzi wa karanga ulikuwa kwenye 6, karibu na maji. Wa nyanya ulikuwa kati ya 4.5 na 5. Katika ule wa karanga kijidudu kiliongezeka vizuri, katika wa nyanya kilishindwa. Miaka ya 1990, nchi jirani ya Guinea-Bissau ilipopigwa na kolera, watafiti walikuta kwamba nyumba zilizokamulia ndimu katika mchuzi wa kulia wali ziliugua kidogo kuliko nyumba zisizofanya hivyo. Maabara nayo ikathibitisha: ukitia maji ya ndimu ya kutosha katika chakula, kijidudu cha kolera hakikui humo.

Mama zetu, mnaona maana yake. Sombe yenye karanga iliyobaki tangu jana mchana, bila kupashwa moto, ni shamba la vijidudu. Ndimu iliyokamuliwa humo si urembo wa wageni. Lakini sikilizeni mpaka wake. Kwanza, ndimu inafanya kazi kwa wingi wake. Matone mawili katika sufuria ya watu kumi hayabadilishi kitu, na kama hausikii uchachu ulimini, kijidudu pia hakiusikii. Pili, kuchemsha tena chakula hadi kitokote ni bora kuliko ndimu, na mwenye kuni afanye hivyo kwanza. Tatu, macinya si kolera. Kijidudu cha macinya kinavumilia uchachu wa tumbo, na vijidudu kati ya 10 na 100 tu vinatosha kumwangusha mtu. Kwa macinya ndimu yako haina neno kubwa. Hapo tunarudi kwenye sabuni, tupende tusipende.

Na maji ya kunywa? Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walijaribu kuongeza maji ya ndimu katika chupa za plastiki zilizoanikwa juani, ile njia ya kusafisha maji kwa jua ambayo baadhi yenu mlifundishwa. Kwa pamoja, ndimu na jua viliua bakteria kwa nusu saa, kazi ambayo jua peke yake hutaka saa nyingi. Kwa virusi haikufaa hivyo. Kwa hiyo ni msaada siku ambayo klorini imekosekana. Klorini ikiwepo, tumieni klorini.

Tuje kwenye uji, na hapa tuombe ruhusa tukae kidogo, kwa sababu jambo hili ni letu. Bibi zetu hawakujua neno bakteria, lakini walijua kwamba uji wa mtama uliolala usiku mmoja na kuchacha haumuumizi mtoto kama uji mtamu uliolala. Hapa Rwanda na ng'ambo ya mpaka Uganda kuna ubushera. Tanzania kuna togwa. Kwetu Kivu tuna majina yetu, na kila kilima kinasema chake ndicho cha kweli. Kazi inayofanyika ndani ni moja: bakteria wema, wale wanaokaa katika kimea na katika chombo cha jana, wanakula sukari ya nafaka na kutoa asidi laktiki, asidi ileile ya maziwa ya kuganda. Uji unashuka hadi 4 au chini yake. Vijidudu vingi vya kuhara haviwezi kuishi hapo.

Je, ni maneno ya bibi tu? Hapana. Miaka ya 1990, watafiti wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa Sweden waliwapa watoto wadogo uji uliochachushwa, mara moja kwa siku, kwa siku 13, na watoto wengine wakapewa uji wa kawaida. Kabla ya kuanza, zaidi ya robo ya watoto wa kundi la uji mchachu walikutwa na vijidudu vya kuhara katika choo chao. Baada ya juma moja tu, walikuwa wamepungua hadi chini ya mtoto mmoja kwa kila kumi. Kundi la uji wa kawaida halikuwa na badiliko la namna hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Ni moja ya mambo machache ambapo elimu ya maabara ilikwenda jikoni kwa bibi na kukuta bibi ana haki.

Iko faida nyingine. Kimea, yaani unga wa mtama au ulezi uliooteshwa kisha ukakaushwa na kusagwa, hulainisha uji mzito. Mtoto mwenye tumbo dogo anaweza kula uji wenye unga mwingi bila uji kuwa kama gundi. Wauguzi wa lishe mlio hapa mnajua tunavyopigana na uji mwepesi kama maji ya kunawia.

Namna ya kufanya, kwa wale waliokulia mjini: pika uji, uache upoe hadi uwe vuguvugu, tia kijiko cha kimea na vijiko vichache vya uji wa jana uliochacha vizuri, funika chombo safi, subiri usiku mmoja. Asubuhi uonje. Ukiwa mchachu na harufu yake ni nzuri, mpe mtoto. Ukipenda uchemshe tena, uchachu hautoki kwa moto. Ukiwa na ukungu, au harufu ya kuoza, mwaga, usihurumie. Na nafaka iliyoota ukungu tangu gunia haisafishiki kwa kuchachusha. Sumu ya ukungu inabaki palepale.

Maziwa ya kuganda, ikivuguto, au mashanza kama wanavyosema ndugu zetu wa Bukavu, yanafuata njia hiyohiyo, lakini tunaongeza onyo. Maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu, na uchachu wa maziwa hauaminiki kuviua. Chemsheni kwanza, yapoe, ndipo mtie chachu. Tunajua wazee wafugaji watakunja uso, kwamba maziwa yaliyochemshwa hayana ladha. Wazee wetu, tunawaheshimu. Ladha ni yenu, lakini homa ya brusela huja kwa mjukuu.

Sasa vidonda vya tumbo. Hapa ndipo pesa zinapopotea, na hapa tumeona mambo ya kuhuzunisha.

Zamani watu waliambiwa kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo. Mkimbizi ana mawazo, basi mkimbizi ana vidonda. Mambo yakaishia hapo, mtu akatumwa nyumbani "apunguze kufikiri". Mwaka 1982, huko Perth, Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walipata kuotesha kijidudu kilichokuwa kinaishi ndani ya tumbo la wagonjwa, kijidudu chenye umbo la mzunguko kama skurubu, kinachoitwa leo Helicobacter pylori. Wenzao hawakuwaamini. Walisema hakuna bakteria anayeweza kuishi katika asidi ile. Mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe cha vijidudu hivyo mwenyewe, akaugua tumbo, akathibitisha. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lilikuwa limekwisha kukiweka kijidudu hicho katika orodha ya vitu vinavyosababisha kansa. Mawazo yetu hayana budi kuumiza kichwa na moyo, lakini mara nyingi tumbo lina mgeni wake.

Mgeni huyu anaishije? Anajificha chini ya ute unaofunika ukuta wa tumbo, na anatengeneza amonia kuzunguka mwili wake, ambayo inazima asidi. Ni kama mtu aliyejenga nyumba ndani ya mto na kuizungushia udongo. Hilo ndilo jambo la kuelewa kabla hatujafika kwenye kitunguu saumu.

Kitunguu saumu ukikiponda, kinatoa kitu kiitwacho alisini. Wanakemia wa Marekani walikitenga mwaka 1944. Katika sahani ya maabara alisini inaua bakteria wa namna nyingi, na Helicobacter pia. Hilo ni kweli na muuzaji wa chupa akilisema hasemi uongo. Lakini sahani ya maabara si tumbo. Katika sahani, dawa na kijidudu vimefungiwa pamoja siku nzima. Ndani ya tumbo, chakula kinapita kwa saa chache, kinachanganyika na asidi, na kijidudu kimelala chini ya ute wake. Tena alisini haitokei kama umekipika kitunguu kizima: moto unaharibu kile kimeng'enya kinachoitengeneza. Mwaka 1999 watafiti wa Houston waliwapa watu 12 wenye kijidudu hiki punje 10 za kitunguu saumu kibichi pamoja na chakula, na siku nyingine pilipili kali 6. Wakapima. Kijidudu hakikupungua kwa kitunguu, wala kwa pilipili. Watu kumi na wawili si wengi, ni kweli, lakini punje 10 kwa siku ni nyingi, na jirani zao walijua.

Kabichi je? Mwaka 1949 daktari mmoja wa California, Garnett Cheney, aliandika kwamba wagonjwa wake 13 waliokunywa maji ya kabichi mbichi walipona vidonda haraka. Habari hiyo inazunguka dunia hadi leo, na imefika kambini bila pasipoti. Wagonjwa 13 bila kundi la kulinganisha nao hawathibitishi. Ndugu ya kabichi, brokoli, ana kitu kiitwacho salforafani, na hicho kimechunguzwa vizuri zaidi. Huko Japani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watu 48 wenye kijidudu walihusika, na waliopewa machipukizi ya brokoli, gramu 70 kila siku kwa majuma nane, nguvu ya kijidudu ilishuka. Walipoacha kula, baada ya miezi miwili kijidudu kilikuwa kimerudi kama zamani. Chakula kilikikandamiza, hakikukitoa.

Linganisheni na dawa. Hapa hapa Kigali, katika Hospitali ya Chuo Kikuu, kati ya mwaka 2015 na 2016, wagonjwa karibu 300 wenye kijidudu hiki walipewa omeprazoli pamoja na antibiotiki kwa siku kumi. Baada ya hapo, karibu wanne kati ya watano hawakuwa nacho tena. Hayo yalichapishwa mwaka 2018. Wanne kati ya watano si wote, na yule wa tano anatakiwa kurudi kwa daktari abadilishiwe dawa. Lakini hakuna chupa ya kijani, hakuna asali, hakuna kitunguu kilichowahi kuonyesha hesabu ya namna hiyo kwa watu walio hai.

Tunamjua baba mmoja, hatutamtaja, mtu mpole, fundi wa viatu. Alipewa karatasi ya kwenda kupimwa. Aliona foleni, akaona muuzaji yuko karibu zaidi. Alikunywa maji ya chupa yale miezi mitano. Choo chake kilipokuwa cheusi kama lami, aliambiwa ni "uchafu unatoka", akafurahi. Ilikuwa damu. Alibebwa kwa machela hadi kituo cha afya, kisha gari, kisha hospitali, akatiwa damu ya watu asiowajua. Yuko hai, amerudi kwenye viatu vyake. Sisi walimu tunawaomba mshike hilo moja hata mkisahau mengine yote: choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, kukonda bila sababu, hayo ni mambo ya hospitali siku ileile. Si ya ndimu, si ya uji.

Mtu atauliza: basi miti ya wazee wetu haina kitu? Ina kitu. Pale Butare, watafiti wa chuo kikuu walichunguza umuravumba katika miaka ya 1980 na wakatoa ndani yake kitu kinachoua bakteria katika maabara. Na mubirizi, ule mti mchungu tunaoujua wote, una habari nzuri zaidi. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde na Mmarekani mwenzake, Michael Huffman, walimwona sokwe jike mgonjwa, aliyeitwa Chausiku, akivunja tawi la mti huo, ambao Watongwe wanauita mjonso, akanyonya maji ya kiini chake. Siku iliyofuata alikuwa na nguvu. Watongwe nao wanautumia kwa tumbo. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha unasaidia dhidi ya minyoo. Lakini angalieni sokwe alivyofanya: alitupa majani na maganda, ambamo sumu ni nyingi, akanyonya kiini kidogo tu, akaacha. Yule sokwe ana kipimo. Sisi tunachemsha majani sufuria nzima na kumpa mtoto wa miaka miwili.

Tupite haraka kwa asali na ndizi, kwa sababu muda unatuishia na tunamwona mwenyekiti anatazama saa. Asali: Durban, mwaka 1985, watoto wenye kuhara kwa bakteria waliopewa maji ya chumvi yenye asali badala ya sukari, kuhara kwao kulikwisha kwa wastani wa saa 58, wengine saa 93. Kwa kuhara kusikotokana na bakteria, haikuleta tofauti. Asali ya kweli ni ghali, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Ndizi mbichi za kupika: Bangladesh, utafiti wa mwaka 2001, watoto wa kiume waliokuwa wameharisha siku nyingi walipewa wali uliosagwa na ndizi mbichi zilizopikwa. Siku ya nne, karibu watoto wanane kati ya kumi walikuwa wamepona. Kwa wali peke yake walikuwa wawili tu na kidogo. Ndizi haiui kijidudu. Wanga wake mgumu unafika utumbo mkubwa, bakteria wema wanaula, na wanachotoa kinausaidia utumbo kunyonya chumvi na maji. Ndizi tunazo, asante kwa Mungu, na hapa nchi ya ndizi hatuwezi kulalamika.

Na maji ya chumvi na sukari. Tumeyaacha mwisho kwa sababu yalipata sifa yake katika kambi ya wakimbizi kama zetu. Mwaka 1971 vita ilipokuwa Bangladesh, watu walikimbilia India kwa mamilioni, na kolera ikaingia kambi ya Bangaon. Chupa za maji ya mshipa ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis alichanganya sukari, chumvi na soda katika maji, akayatia katika mapipa, akawapa mama na baba na ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Wataalamu wa wakati ule waliona ni jambo la hatari kumwachia mtu asiyesoma. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4. Maji yale hayakuua kijidudu hata kimoja. Yalimweka mtu hai mpaka mwili wake ukimtoe mgeni. Pakiti za ORS mnazopewa leo ni wajukuu wa mapipa yale. Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onjeni: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Na vidonge vya zinki vinavyotolewa pamoja, mtoto avimalize siku zote 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekwisha siku ya tatu.

Tulisema tutarudi kwa kijidudu cha Goma kilichozoea dawa. Tunarudi, na hapa tunasema na nyumba zetu wenyewe. Kapsuli za amoksisilini tunazigawana kama chumvi. Mtu anapewa za siku kumi, anameza za siku nne, anapata nafuu, zilizobaki anampa shemeji mwenye jino. Kijidudu kilichobaki ndani yake kimejifunza. Kesho kitakwenda kwa mtoto wake, na dawa ileile haitafanya kitu. Wafanyakazi wa mashirika, nanyi tunawaomba: mtu wetu akirudi na kusema tumbo bado linauma baada ya dawa, msimwambie ni mawazo. Mpimeni tena.

Walimu wa sayansi tumepanga jambo dogo. Jumatano ijayo, baada ya masomo, tutachemsha kabichi ya zambarau tuliyoinunua hapa Kimironko. Maji yake yana rangi inayobadilika: katika kitu kichachu yanageuka mekundu, katika soda yanageuka ya kijani. Kila mama atakayeleta uji wake ataona kwa macho kama umechacha vya kutosha au bado. Watoto wa darasa la sita ndio watakaopima na kuandika. Mchuzi wa karanga pia mnaweza kuuleta, na ndimu, tuone inatakiwa ngapi. Kila mtu aje na kikombe chake, kwa maana vya shule havitoshi.